Ramani ya gari iko Japani, simu iko Kenya: ufuate ipi ukienda Naivasha na Leaf?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kinoo, nalifupisha. Amenunua Nissan Leaf ya 2018, ile ya betri ya yuniti 40 (yaani kWh 40), imetoka Japani, skrini ya katikati inaongea Kijapani na ramani yake haina Kenya kabisa. Mjini anatumia Google Maps ya simu na hana shida. Sasa anataka kwenda kwa wazazi wake Naivasha kwa mara ya kwanza na hiyo gari, na kaka yake aliye Minnesota, mwenye Tesla, amemkataza: eti kutumia ramani ya simu kwenye gari la umeme ni kosa, ramani ya gari ndio inajua betri. Anauliza kama kaka yuko sawa, ang'oe redio aweke ya Android au aache, na aamini programu gani. Betri yake inaonyesha mistari 11 kati ya 12 ya uzima wa betri.

Dada, hongera ya gari kwanza. Na usigombane na kaka yako, hajakudanganya, anaongea ya gari yake na ya baridi yake. Tesla ukiiambia unaenda mahali, inapiga hesabu ya betri, inakwambia utafika na asilimia ngapi, na kama chaji haitoshi inakupangia yenyewe usimame Supercharger gani (chaja za haraka za Tesla) na kwa dakika ngapi. Alafu kuna jambo lingine ambalo huku hatulifikirii: ikijua unaelekea Supercharger inaanza kupasha betri moto ukiwa bado njiani, kwa sababu betri baridi haipokei chaji haraka, na Minnesota mwezi wa kwanza baridi inashuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Akifuata simu peke yake gari haijui anaenda kuchaji, anafika na betri baridi, anakaa pale muda mrefu zaidi ya alivyotarajia. Kwa hiyo kwake ni kweli kabisa. Hyundai na Kia kadhaa za umeme nazo ziko hivyo hivyo, na magari kama Polestar 2 yana Google Maps ndani ya gari lenyewe inayosoma betri moja kwa moja. Hiyo sio sawa na Google Maps ya kwenye simu yako hata kama jina ni moja na rangi ni zile zile.

Yako ni kitu kingine. Leaf haina mfumo wa kupasha betri eti kwa sababu umeweka chaja kwenye ramani, na ramani yenyewe iliuzwa kwa mtu wa Japani aendeshe Japani. Hakuna kitu cha maana utakachopoteza ukiipuuza. (Ila angalia saa ya hiyo skrini kabla hujaikasirikia. Japani wako mbele yetu masaa 6, kwa hiyo asubuhi tukiwa saa moja yenyewe inaonyesha 1:00, saa nne inaonyesha 4:00, yaani gari limetoka Yokohama likaja kusoma saa ya Kiswahili bila kufundishwa. Mi niliiacha hivyo hivyo, naipenda.)

Sasa shida yako iko hapa. Kwenye Tesla ya kaka yako kazi mbili zimeunganishwa, kujua njia na kujua betri. Kwako zimetengana. Simu inajua njia, inajua jam, inajua dakika, lakini haijui betri ya gari yako imebaki na asilimia ngapi. Dashi ya mbele yako, ile nyuma ya usukani, inajua betri lakini haina habari unaenda wapi. Na kati yao wote wawili hakuna anayehesabu mlima. Simu ukichagua safari ya gari haikuonyeshi mwinuko, na dashi inapiga kilomita zilizobaki kwa kuangalia ulivyoendesha hivi karibuni, sio kwa kuangalia kinachokuja. Huo mlima lazima uhesabu wewe, na barabara ya Naivasha ni mlima mtupu.

Nikueleze yaliyonipata mwenyewe ndio utaelewa. Nilitoka Westlands na asilimia 88, Leaf kama yako ila betri yangu iko vizuri kidogo, ina yuniti kama 34 za kutumia. Nilipofika kileleni, pale Soko Mjinga wanapouza viazi kando ya barabara, nilikuwa na 57. Kutoka pale ni kuteremka, nikaingia Naivasha na 47. Nikala samaki, nikakaa, nikarudi kwa gari jioni. Sasa tazama: dashi inasema kilomita 128. Simu inasema nyumbani ni kilomita 88. Mtu yeyote angesema twende, tuna akiba ya kilomita 40, wasiwasi wa nini. Lakini ile 128 ilikuwa imetokana na mteremko, gari ilikuwa imetoka kuteleza chini bila kutumia kitu ikaona huyu dereva ni mpole sana ataenda mbali. Na mbele yangu sasa mteremko ule ule umegeuka mlima.

Mimi nilijua hilo, kwa hiyo nilipanga kusimama Kimende kwa jamaa yangu, niongeze yuniti mbili tatu kwenye soketi yake tukipiga stori. Nikaweka simu inipeleke nyumbani, basi. Kosa ndio hilo, niliweka mwisho wa safari peke yake. Ilikuwa Jumapili, barabara ya juu, ile ya Soko Mjinga na Kimende, ikawa imefunga kwa jam, simu ikaniletea njia ya chini kupitia Mai Mahiu kwamba naokoa dakika 14, na mimi nilikuwa naongea na abiria, nikafuata ile sauti tu, kushoto, kulia, nikashtuka niko bondeni na Kimende iko juu kule barabara nyingine. Kutoka Mai Mahiu unajua palivyo, ukishapita lile kanisa dogo walilojenga wafungwa Waitaliano mwaka 1942 umeshaingia ukutani, unapanda tu nyuma ya trela, huwezi kupita, huwezi kugeuza. Nikafika juu upande wa Limuru na asilimia 17, simu inasema bado kilomita 33, dashi inasema 29. Mke wangu akaacha kuongea. Nikazima AC, nikaenda 60, na kwa sababu kutoka Limuru kuja chini ni mteremko asilimia zikawa zinashuka polepole mno. Nilipofika Kangemi namba ya kilomita ikapotea kabisa, Leaf ikibakiwa na kidogo sana haikwambii tena kilomita, inaweka vistari vitatu tu. Nikaingia getini na 7.

Sikukwama. Lakini sitaki wewe ujifunze kwa njia ile ukiwa na watoto nyuma. Kwa hiyo cha kwanza kabisa: kwenye simu usiweke mwisho wa safari peke yake. Weka na kituo cha katikati, pale utakapochaji au utakapopumzika, Google Maps inakubali kuongeza vituo. Ukifanya hivyo hata jam ikibadilisha njia lazima ikupitishe kwenye kituo chako. Na ikikuletea ile habari ya njia ya haraka zaidi, mwenye kukubali au kukataa awe abiria, sio wewe, na aangalie ramani nzima kwanza, sio dakika tu.

Cha pili ni hesabu ya mlima, na hii ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Naongea kwa yuniti kwa sababu ni zile zile unazonunua kwa token, yuniti moja ya stima ni yuniti moja ya betri. Leaf yako ikiwa na watu wawili na mzigo ni kama kilo 1,700. Kuiinua hiyo mita 100 kwenda juu kunakula kama nusu yuniti, juu ya ile ya kawaida ya kusonga mbele. Ukishuka mita 100 unarudishiwa, lakini sio yote, hesabu nusu ya ulichotumia, ikija zaidi ni bahati yako. Na kwenye tambarare, mwendo wa 80 bila fujo, hesabu kilomita 7 kwa yuniti moja. Dashi yako ya Kijapani inasoma hivyo hivyo, kilomita kwa yuniti, kwa hiyo wiki hii ukiendesha mjini iangalie ujue namba yako wewe mwenyewe, mguu wako sio mguu wangu.

Tuipige ya kwako. Kinoo hadi Naivasha kwa barabara ya juu chukua kilomita 78. Hiyo gawa kwa 7, yuniti 11. Kutoka kwako hadi kilele unapanda mita kama 650, hiyo ni yuniti 3 na robo. Kutoka kilele hadi Naivasha, ambayo iko mita kama 1,890 juu ya bahari, unashuka mita 600 na ushee, unarudishiwa yuniti moja na nusu. Kwenda ni kama 13. Kurudi ni mlima ule ule upande wa pili, inakuja kama 12 na nusu. Jumla 25 na nusu. Mistari 11 kati ya 12 maana yake betri yako imebaki na kati ya asilimia 79 na 85 ya uzima wake, chukua yuniti 31. Ukitoka umejaza kabisa unarudi na 5 na kidogo, asilimia 17 au 18.

Inatosha? Kwenye karatasi ndio. Mimi nisingeenda hivyo. Upepo wa bonde, mvua, trela, kona moja ya kwenda kuchukua maziwa kwa shangazi, na zile 5 zimeisha. We si unaenda kwa wazazi, na wazazi wana soketi. Ukifika tu chomeka, ndio salamu zifuate. Soketi ya kawaida inakupa yuniti 2 na kidogo kwa saa, kwa hiyo ukikaa masaa matatu ukila na kuongea umeongeza 6 au 7, na hapo unarudi unaimba. Ila soketi iwe nzima, iliyofungwa vizuri ukutani, sio ekstensheni ya kuning'inia iliyobeba friji na tivii, waya ukiwa wa moto mkononi chomoa. Na soma maandishi kwenye kile kiboksi cha waya wa kuchajia uliokuja na gari: kikiwa kimeandikwa kinakubali 240V endelea, kikiwa ni cha Japani cha 100V au 200V tu usikichomeke kwenye soketi zetu za 240V hata kwa dakika moja.

Kama hesabu inakuchosha kuna programu inaitwa A Better Routeplanner, watu wanaifupisha ABRP, ilianzishwa Sweden na mwaka 2023 ikanunuliwa na Rivian ya Marekani. Hii ndio inaziba lile pengo niliokwambia, inajua njia na inahesabu mwinuko, uzito, mwendo na hali ya hewa. Unaiwekea Leaf ya 40, unaiambia betri imechakaa asilimia 18 hivi, unatoka na 100, inakuchorea utafika na ngapi na mlima uko wapi. Fanya usiku wa kuamkia safari ukiwa umetulia kwenye Wi-Fi, sio barabarani. Sikwambii uifuate kwa njia, kwa jam ya Waiyaki Way bado Google au Waze ziko mbele sana kwa sababu zinaona simu za watu wote walio mbele yako. Waze mi naipenda kwa sababu madereva wanaripoti matuta na mashimo, na tuta lisilopakwa rangi usiku ni adui wa gari iliyo na betri chini ya sakafu. Ila Waze bila mtandao haikusaidii. Google Maps unaweza kupakua eneo lote kuanzia Nairobi mpaka Nakuru likakaa kwenye simu, na ulipakue kabla hujatoka, kwa sababu kuna sehemu kwenye ule msitu wa juu mtandao unakatika na ukungu nao umeshuka. Ramani ya kupakua inakuonyesha njia, jam haikuonyeshi, usishangae.

Kwa chaja za njiani tumia PlugShare, programu ya simu inayoonyesha chaja ziko wapi, lakini isome kwa makini. Usiangalie alama ya chaja tu ukafurahi. Fungua, tazama mtu wa mwisho kuandika amechaji pale aliandika lini, na tazama aina ya plagi. Leaf yako ya Japani ina matundu mawili pale mbele: la chaji ya polepole ni Type 1, la haraka ni CHAdeMO. Chaja nyingi mpya zinakuja na Type 2 (ya polepole) na CCS2 (ya haraka). Kwa Type 2 ya kuchaji polepole utapita kama una waya wa Type 2 kwenda Type 1, nunua huo kabla ya kununua kitu kingine chochote cha urembo, na uishi ndani ya buti. Kwa CCS2 usihesabu kabisa. Na kama kuna namba ya simu ya mahali, piga. Dakika mbili za kuuliza "hiyo mashine inafanya kazi leo?" zimeniokolea safari nyingi.

Redio ya Android: usiing'oe hiyo skrini kwa sasa. Ukiweka ya Android utapata skrini kubwa na Kiingereza na FM zote (hiyo ya Japani inaanzia 76 na inaishia chini, nusu ya stesheni zetu huzipati), ni raha, sikatai. Lakini ramani itakayokuwa ndani yake ni Google ile ile ya simu, na yenyewe haitajua betri. Unanunua starehe. Ukija kuamua, mwulize fundi maswali haya kabla hajashika bisibisi: kamera ya nyuma na zile za pembeni zitaendelea kuonyesha? Vitufe vya usukani? Kwenye baadhi ya Leaf, hasa zile za mwanzo, hata taima ya kuchaji na ya kuwasha AC inawekwa kupitia skrini hiyo hiyo ya katikati, ukiitoa umeitoa na hiyo. Fundi akijibu "itakuwa sawa tu" bila kukuonyesha Leaf nyingine aliyoifanya, mshukuru uondoke.

Pesa hiyo kwa sasa nunua vitu viwili vidogo. Kimoja ni stendi ya simu ya kubana kwenye tundu la AC, sio ya kubandika kwenye kioo, kwa sababu simu inayofanya ramani na kuchajiwa huku inapigwa na jua la bondeni inachemka na kujizima, na inajizima pale kwenye mzunguko ambapo unaihitaji. Hewa ya AC inaipoza. Usiishike mkononi wala kuiweka mapajani, ni kosa kisheria na ni hatari. Na kuhusu ule uoga ulioniandikia mwishoni, kwamba kuchaji simu kutakumaliza betri ya gari: hapana dada, simu kwa masaa mawili haimalizi hata sehemu ya 20 ya yuniti moja. Kinachokula ni hita. Limuru ukisikia baridi usiwashe hita ya hewa, washa kiti na usukani kama gari yako inavyo, vinakula kidogo sana na utapata joto mapema zaidi.

Kitu cha pili ni kile kidude cha OBD cha Bluetooth, cha kusoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani, alafu weka programu ya LeafSpy kwenye simu. Inakuonyesha betri ilivyo kweli, imebaki yuniti ngapi kwa namba na sio kwa mistari, na joto lake. Pale juu Soko Mjinga ukiona umebakiwa na yuniti 9 na unajua nyumbani kunahitaji 4 au 5 kwa sababu ni mteremko, hutatetemeka hata dashi ikikwambia kilomita 50 na simu ikakwambia 40. Usiifungue ukiwa unaendesha, mpe abiria.

Kuteremka weka gia kwenye B au bonyeza kitufe cha e-Pedal, gari inajishika yenyewe na kurudisha chaji badala ya kuchoma breki. Ila usishangae kama dakika za kwanza baada ya kujaza 100 haishiki sana, betri iliyojaa haina pa kuweka. Kwako Kinoo haitakusumbua maana unaanza kwa kupanda, ni watu wa Limuru wanaoteremka kuja kazini ndio nawaambiaga waache kwenye 90.

Basi nenda siku ya kawaida mara ya kwanza, sio Jumapili jioni wala wikendi ya sikukuu. Toka na 100, weka kituo cha Soko Mjinga kwenye simu hata kama hununui viazi, simama pale, andika asilimia na zile kilomita kwa yuniti, alafu andika tena ukifika kwa wazazi. Nitumie hizo namba mbili. Nikiziona nitakwambia kama betri yako ina yuniti 31 kweli au aliyekuuzia alizungusha kitu.